Kwa Zuhura: kwa nini nimebaki Nakuru

Bondeni, Nakuru
Januari 2026

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Marahaba kwa shikamoo zako, na salamu za wajukuu nimezifikisha kwa mama yako, ambaye ni mzima isipokuwa magoti yanayomsumbua asubuhi kunapokuwa na baridi. Ujumbe wako niliusoma kwenye simu, nikaona si wa kujibiwa kwa simu. Umeniuliza mambo mawili kwa adabu na bila kuficha, nami nitayajibu vivyo hivyo. La kwanza ni hili: ikiwa hali ya Tanzania inaniuma kiasi hiki, kwa nini sirudi Tanga nikaishi na hayo yanayoniuma pamoja na wenzangu? La pili: ikiwa nimekwisha kuamua kwamba uzee wangu nitaumalizia ugenini, kwa nini situlii, nikaacha kufuatilia kila siku habari ambazo sina uwezo wa kuzibadili?

Nianze kwa kuondoa dhana moja, maana najua inazungumzwa kwetu Ngamiani, Tanga, na najua ni nani anayeizungumza. Sikuja Kenya kufuata maisha nafuu. Pensheni yangu hulipwa kwa shilingi ya Tanzania, na ikifika hapa kila shilingi moja ya Kenya humeza karibu 20 za kwetu, kwa hiyo mstaafu anayetaka raha kwa pensheni ya karani wa reli angefanya vyema abaki Tanga, ambako samaki huletwa mlangoni na nazi haihesabiwi kuwa kitu cha kununua kwa hesabu. Hapa nazi huja kwa lori kutoka Pwani. Mama yako huitikisa sikioni mbele ya muuzaji kabla ya kutoa pesa, na bado mara nyingine akiipasua hukuta ndani imeoza. Mwezi wa Julai nalala na sweta. Raha ya mwili, basi, siyo iliyonileta.

Nimekuja kwa sababu ni zamu yangu. Unajua kwamba babu yako mzaa mama alikuwa fundi wa injini katika Shirika la Reli la Afrika Mashariki, akahamishiwa Tanga kutoka hapa Nakuru enzi ambazo mtu wa reli aliweza kutolewa Kisumu akapelekwa Tabora, au Kampala akapelekwa Tanga, bila yeyote kuona kwamba amevushwa nchi. Mama yako nilimwoa Tanga mwaka 1975. Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na kufikia katikati ya mwaka huo Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikavunjika. Babu yako akarudi Nakuru na Wakenya wenzake waliokuwa na vyeo na madeni na watoto shuleni, na mama yako, aliyekuwa na mimba ya kaka yako mkubwa, akabaki nami. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983.

Miaka hiyo hamkuiona, au mlikuwa wachanga mno kuielewa, nami nataka uielewe kwa sababu ndilo jibu langu lenyewe. Kila jioni mama yako alikuwa akiitafuta Sauti ya Kenya kwenye ile redio yetu ya mbao, na yalipofika matangazo ya vifo alikuwa akivuta makaa pembeni ili mchuzi usichemke kwa kelele, nasi wote humo ndani tukinyamaza mpaka jina la mwisho lisomwe. Baba yake alipofariki mwaka 1980, tangazo lake halikumfikia. Huenda jioni ile mawimbi hayakushika. Habari ilikuja kwa barua iliyozungukia kwa watu wawili watatu kabla ya kuvuka, ikafika arobaini ya marehemu imekwisha kusomwa. Aliisoma amesimama, akaikunja, akamaliza kukuna nazi iliyokuwa kwenye mbuzi, kisha akaingia chumbani na hakutoka hadi asubuhi.

Hakuniambia hata siku moja kwamba turudi Kenya. Wala hakuniambia kwamba Tanga si kwao. Aliuza vitumbua, aliwafunda wari wa mtaa, alikesha na wafiwa wa Barabara ya 14 kama mfiwa mwenzao, na jioni ikifika alirudi kwenye redio yake. Huzuni yake alikuwa nayo na maisha yake alikuwa nayo, na wala hakuona haja ya kuchagua kimoja ili kingine kiwe cha kweli. Nilipostaafu mwaka 2012, mama yake alikuwa bado hai hapa Bondeni, hajiwezi tena kitandani, na mama yako akasema kwamba angependa kumuuguza. Tukaja. Bibi yako alipofariki tungeweza kurudi, lakini mtu aliyekaa kwetu karibu miaka 40 kwa ajili yangu, akakosa maziko ya baba yake kwa ajili yangu, ningemwambiaje afunge mizigo tena kwa sababu mimi naona kiu ya bahari?

Hapo naamini swali la kwanza limejibika. La pili ni gumu zaidi, maana ndani yake kuna lawama, na lawama yenyewe ina haki kidogo.

Mama yako hakuchukua uraia wa Tanzania, na mimi sijachukua wa Kenya. Katiba ya Kenya ya 2010 inampa haki ya kuomba uraia mtu yeyote aliyeoana na Mkenya kwa angalau miaka 7, awe mke au mume (kabla ya hapo mlango huo ulifunguliwa kwa wake wa Wakenya tu, si kwa waume), na Kenya haina tatizo na mtu mwenye uraia wa nchi mbili. Sheria yetu ndiyo isiyomruhusu mtu mzima kuwa nao. Ningeapa hapa leo, kule ningefutwa. Kwa hiyo nimebaki Mtanzania anayeishi nje, na Mtanzania anayeishi nje hapigi kura, kwa sababu utaratibu wa kupigia kura huko aliko haupo. Sipigi kura huku kwa kuwa si raia, na sipigi huko kwa kuwa sipo. Kilichobaki mkononi mwangu katika uraia wote ule ni pasipoti na kujali, na wewe unaniomba niache kujali.

Lakini nduguzo wanaposema kwamba nimekuwa mzee wa kulalamikia kila kitu, wana neno, na nimejaribu kwa uaminifu kuyatenga yale ninayoyalilia. Yapo yaliyopotea kwangu peke yangu. Kwamba Tanga ya baiskeli, ambayo watu wazima kwa watoto, na waalimu na mashehe, walikuwa wakipishana asubuhi wakigonga kengele, leo ni Tanga ya bodaboda, hilo linaniuma kwa sababu nilikuwa kijana juu ya baiskeli. Kijana anayeendesha bodaboda analisha nyumba, na sina haki ya kumwita hasara. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443 hadi Chongoleani, hapo Tanga, nalo sijui kulilia. Chongoleani niliyoijua ya wavuvi haitarudi, lakini bandari iliyolala muda mrefu imepata kazi, na nyinyi mnaoishi huko ndio mtakaosema kama kazi hiyo imewafaa.

Reli ni jambo jingine. Njia ile Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893, wakaifikisha Moshi mwaka 1911, na mkonge ulipoenea mabondeni, reli ndiyo iliyoushusha hadi gatini. Mwaka 1964 nchi ilizalisha takribani tani 230,000 za mkonge, zaidi ya nchi yoyote duniani. Nilipoingia kazini mwaka 1972 kilele kilikuwa kimekwisha kupita, na bado nilikuwa nikisimama kwenye behewa na daftari, nikisoma alama ya shamba iliyopigwa kwa rangi nyeusi ubavuni mwa kila robota, hadi vumbi la nyuzi likanijaa puani na nikiota usiku naota marobota. Wapo wanaoulaumu utaifishaji wa 1967 peke yake. Mimi niliyekuwa nikihesabu mzigo nasema kamba ya plastiki ilitupiga zaidi ya Azimio la Arusha, maana ilishusha bei mahali ambapo hakuna waziri wetu aliyekuwa na mkono. Hata hivyo bei ikishuka, mtu huangalia lipi aliokoe, na sisi hatukuiokoa reli. Mwishoni mwa 2019 treni ya abiria iliporudi Moshi, ilitokea Dar es Salaam ikapitia Korogwe, si Tanga. Nilifurahi kwa ajili ya Moshi. Hasara hii siihesabu kuwa yangu, kwa sababu viwanda vya Tanga na vijana waliokuwa wakiajiriwa humo walikuwa wameegemea njia ile, nami nadhani mtu anaweza kuilalamikia bila kuambiwa kwamba anautamani ujana wake.

Nikipita njia ya Mogotio, kaskazini ya hapa, yapo mashamba ya mkonge pande zote mbili za barabara. Mama yako hunitazama na kunyamaza.

Sasa Oktoba. Mwaka 2008, mwezi wa Januari, Nakuru ilipowaka moto baada ya uchaguzi wa Kenya na mji ukawekewa amri ya kutotoka nje usiku, nilikuwa nikimpigia mjomba wako simu kutoka Tanga kila nilipopata salio. Nilimwambia awachukue watoto aje kwetu, nikamwambia Tanzania ni kisiwa cha amani, na nilisema kwa kifua, kwa sababu makubaliano yalipotiwa saini Nairobi tarehe 28 Februari, rais wetu Jakaya Kikwete, aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, alikuwapo na alikuwa amesaidia kuyapata. Mjomba wako hakuja, alikaa akalinda nyumba hii ninayokuandikia humo. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi wetu, intaneti ilipozimwa nchi nzima na Dar es Salaam ikawekewa amri ile ile, wewe ukiwa Mbagala na wanao, mjomba wako ndiye aliyekuja kukaa nami sebuleni. Nilijaribu laini ya kawaida, haikushika. Hakunikumbusha maneno yangu ya 2008, ingawa najua anayakumbuka. Alichosema ni kwamba nile, kwa sababu usiku utakuwa mrefu.

Watu waliuawa, na idadi yao inabishaniwa hadi leo. Serikali iliunda tume ya uchunguzi. Wewe ulikuwapo, mimi sikuwapo, na kwa hiyo kuna maneno ambayo sitayasema. Mtu aliye salama Bondeni hana haki ya kumwambia kijana wa Mbagala atoke barabarani, wala hana haki ya kumwambia anyamaze. Hilo ndilo sharti nililojiwekea, na ukiona siku moja nimelivunja kwenye kundi la familia, nikumbushe, hata kama kaka zako wapo. Lakini kuhuzunika siyo kutoa amri. Majirani wa hapa wana yao pia: wana jamaa waliowazika 2008, wana nyumba zilizomezwa na ziwa lilipopanda hadi likaingia mitaani, na wanapozungumza nami habari za Tanzania hawanipi somo. Hunisogezea kiti. Kwa kadiri ninavyoona, nimepata kwao ruhusa ya kuwa na huzuni ambayo wanangu wananinyima, na nimeiandika sentensi hiyo nikijua itakuchoma kidogo.

Basi sitazima simu. Nitasikiliza taarifa ya habari ya nyumbani jioni, kama mama yako alivyokuwa akiisikiliza ya kwao, kisha nitaswali na kula na kulala. Nikikupigia baada ya hapo, si lazima tuzungumze siasa. Nieleze tu hali ya Tanga, au hata bei ya samaki, tena nitashukuru.

Kuhusu maziko, kwa kuwa uliligusa ukaliacha: nikifia hapa, nizikeni hapa siku hiyo hiyo. Msihangaike na kusafirisha maiti wala kuchangisha. Nikifia huko nikiwa safarini, nizikeni huko, na mama yako asizuiwe kurudi kwao.

Na nyumba ya Barabara ya 14 usiiuze. Najua umesema kwa nia njema kwamba haina mtu wa kuitunza, lakini mpangaji wa chumba cha mbele analipa, na kodi yake inatosha matengenezo ukiisimamia mwenyewe badala ya kumwachia binamu yako, ambaye sina zaidi la kusema juu yake. Tukijaaliwa tutakuja baada ya Idi, kwa treni hadi Mombasa na kisha kwa gari kupitia Horohoro, maana mama yako hawezi tena kukaa kwenye basi safari nzima. Mwambie fundi abadilishe mabati ya upande wa jikoni kabla masika hayajashika, akupe hesabu kwa maandishi, na ununue mabati wewe mwenyewe dukani, yeye umlipe ufundi tu.

Babako