Usinunue seti nzima: vitabu vya patholojia kwa anayekuja Malindi

Dada daktari, karibu Pwani. Kwa walioingia kwenye uzi sasa hivi: mwenzetu amemaliza ubingwa wa patholojia, yaani kutambua magonjwa kwa kuchunguza nyama, seli na maiti, anakuja Malindi na siku nyingine atakuwa Lamu. Ameuliza kama anunue seti nzima ya vile vitabu vya buluu vya Shirika la Afya Duniani vya kuainisha uvimbe, nini kimebadilika miaka ya karibuni, na kama karatasi inastahimili hewa ya huku. Waliotangulia wamempa orodha ndefu ya kununua. Mimi nipo kwenye kazi hii hapa Malindi kitambo, na orodha yangu ni fupi: nunua kitabu kinachoendana na vipimo ambavyo maabara yako inavifanya kweli. Vingine visome bure au uazime.

Tuanze na vya buluu. Toleo la tano lilianza kutoka 2019, juzuu ya mfumo wa chakula na ya matiti. 2020 zikaja tishu laini na mifupa, na viungo vya uzazi vya mwanamke. 2021 kifua, kisha ubongo. 2022 mfumo wa mkojo pamoja na uzazi wa mwanamume, na nyingine zikafuata. Wanaozitoa ni IARC, taasisi ya saratani ya WHO iliyoko Lyon, Ufaransa. Vitabu ni vizuri, sina ubishi. Shida ni kwamba vimeandikwa kwa mtu ambaye akiinua simu anapata kipimo cha jeni. Chukua ubongo: tangu 2021 huwezi kumwandikia mtu mzima glioblastoma, ile saratani kali ya ubongo, kwa kutazama seli na nekrosisi (tishu iliyokufa) tu, sharti ujue kwamba jeni ya IDH haijabadilika. Huku hatufungui mafuvu, kwa hiyo juzuu hiyo iache Nairobi kwa wanaoihitaji.

Lakini toleo hilohilo limekuachia mlango, na ajabu ni kwamba vijana wengi wanaupita bila kuuona. Pale ambapo kipimo hakikufanyika, unaruhusiwa kuandika jina la uvimbe na kuongeza herufi tatu, NOS, kuonyesha kwamba hukuwa na taarifa za kuuainisha zaidi. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo mfano wetu wa kila siku. Juzuu ya 2020 imeigawa makundi mawili: inayotokana na virusi vya HPV na isiyotokana navyo. Ile ya seli bapa huwezi kuitenga kwa uhakika kwa macho matupu. Unataka p16, kipimo cha protini kinachoashiria HPV, au kipimo cha HPV chenyewe. Huna? Andika squamous cell carcinoma NOS (saratani ya seli bapa), eleza kwenye maoni kwamba p16 haikufanyika, endelea na slaidi inayofuata. Nimeshasoma ripoti zilizoandikwa HPV-associated kwa sababu tu mara nyingi ndivyo ilivyo. Huko ni kubahatisha kwa maneno mazuri, na daktari wa saratani akiisoma ataiamini kama ilivyo.

Sasa jambo ambalo ningekuomba ulifanye wiki ya kwanza kabla hujafungua kitabu chochote. Toleo la tano limeacha kuhesabu mitosi, yaani seli zinazogawanyika, kwa "nyanja kumi za lenzi ya 40", nyanja ikiwa duara moja unaloliona kwenye hadubini. Sasa ni kwa milimita mraba. Wengi wanadhani ni mbwembwe za wazungu. Sizo. Angalia lenzi unayochungulia, pembeni yake kuna namba: 18, 20 au 22. Igawanye kwa 40. Ukiwa na 22 unapata 0.55, ndiyo milimita za upana wa duara unaloliona, na eneo lake ni kama milimita mraba 0.24. Ukiwa na 18, upana ni 0.45 na eneo 0.16. Kwa hiyo nyanja kumi kwenye hadubini moja ni milimita mraba 2.4, kwenye nyingine 1.6. Daktari wa Lamu na wa Malindi wanaweza kutazama slaidi ileile, wakahesabu kwa uaminifu uleule, mmoja akatoa alama ya chini na mwingine ya juu.

GIST, uvimbe unaoota kwenye ukuta wa tumbo la chakula, ndio unaoumiza zaidi. Kipimo chake ni mitosi ndani ya milimita mraba 5, na zikizidi tano hatari inapanda. Zamani tuliambiwa nyanja 50. Kwa hadubini ya namba 22, nyanja 50 ni karibu milimita mraba 12, yaani unahesabu zaidi ya mara mbili ya eneo linalotakiwa, unampandisha mgonjwa daraja, anaandikiwa dawa za gharama kubwa za miaka ambazo pengine hakuzihitaji. Kwa hadubini hiyo tazama nyanja 21. Kwa ile ya namba 18 tazama 31. Fanya hesabu ya hadubini yako, iandike kwenye karatasi ndogo, ibandike kwenye shingo yake. Ukihama, hesabu upya. Na kama hadubini ina lenzi nyingine ya kukuza katikati, thibitisha kwa rula ya slaidi, usiamini namba peke yake.

Kwenye limfoma, saratani za seli za limfu, kuna habari ambayo bado inachanganya watu. 2022 zilitoka ainisho mbili kwa mpigo: ya WHO, na ile iitwayo International Consensus Classification, iliyotungwa na kundi lenye baadhi ya watu walewale waliosimamia matoleo ya WHO ya nyuma. Mengi wanakubaliana, majina na mipaka kadhaa hawakubaliani. Mimi sina upande. Ila ripoti yako itaje umefuata ipi, maana mgonjwa akihamia Mombasa au Nairobi atakutana na anayefuata nyingine. Kinachotugusa sisi ni Burkitt, ule uvimbe wa taya za watoto ambao Denis Burkitt aliueleza kutoka Uganda mwaka 1958. Tulifundishwa aina tatu: ya ukanda wetu, ya kwingineko, na ya wenye upungufu wa kinga. WHO ya sasa inaweka mkazo kwenye swali moja, kama seli zina virusi vya Epstein-Barr au hazina. Kipimo chake ukikikosa, tuma bloku, ile nyama iliyogandishwa ndani ya nta. Usitume slaidi peke yake, utajibiwa kwa upole kwamba hawawezi kufanya lolote nayo.

Saitolojia, uchunguzi wa seli zilizovutwa kwa sindano, nitaipita haraka kwa sababu hapo hela yako inafanya kazi nyingi kwa kitabu kidogo. Bethesda, mfumo wa kupanga majibu ya tezi ya shingo katika makundi, toleo la tatu la 2023, nunua. Milan, mfumo kama huo wa tezi za mate, nayo ina toleo la pili la 2023, ila kesi zake ni chache, azima. Ukiwa Lamu, sindano na slaidi ndiyo huduma utakayoitoa mgonjwa akiwa bado yuko barazani anasubiri, na kuwa na makundi yanayojulikana dunia nzima kunamsaidia daktari wa upasuaji kuliko maelezo yako marefu kuhusu seli.

Kichocho ndicho vitabu vipya vitakupunja. Utapewa mistari michache na picha moja, wakati huku, kwa wagonjwa wa Mto Tana na bara ya Kilifi, utakutana na mayai yenye mwiba mmoja mwishoni, yamekauka kwa chokaa ndani ya ukuta wa kibofu, na pembeni yake saratani ya seli bapa. IARC iliutambua mdudu huyu kuwa chanzo cha saratani tangu 1994. Utayakuta pia mahali ambapo daktari hakuyatarajia: mlango wa kizazi, mirija ya uzazi, hata kidole tumbo. Kwa hili kitabu cha zamani kinakishinda kipya. Tafuta Pathology of Infectious Diseases ya AFIP ya Marekani, juzuu ya minyoo ya mwaka 2000. AFIP yenyewe ilifungwa 2011 lakini kitabu kinapatikana mitumba, na minyoo haijabadilisha sura. WHO nao wana atlasi ndogo ya mfukoni ya kichocho cha viungo vya uzazi vya mwanamke, ya 2015, bure mtandaoni. Hiyo si yako hasa, mpelekee daktari wa akina mama, maana yeye ndiye anayeona vidonda vile akadhani ni saratani au zinaa.

Kuna upande ambao hukuuliza, ila Malindi huwezi kuukwepa. 2023 miili ya wafuasi wa dhehebu walioambiwa wafunge hadi kufa, iliyofukuliwa msitu wa Shakahola, ililetwa kufanyiwa uchunguzi hapahapa, na ilizidi 400. Mji mzima ulijifunza neno "patholojia" mwaka ule, kwa njia ambayo hakuna aliyeiomba. Utaitwa kwenye uchunguzi wa maiti hata kama moyo wako uko kwenye hadubini, na mbele yako kutakuwa na polisi, wakili, na familia iliyosafiri usiku kucha. Kwa hiyo pakua Minnesota Protocol, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza vifo vya kutiliwa shaka, uliorekebishwa 2016, wa bure. Mle utakuta jinsi ya kupiga picha, kuandika, kuhifadhi sampuli na kuweka mnyororo wa ushahidi usiokatika mahakamani. Soma pia mwongozo wa kushughulikia miili baada ya maafa uliotolewa na Msalaba Mwekundu pamoja na WHO, nao toleo la pili la 2016. Kitabu kikubwa cha kununua hapo ni Knight's Forensic Pathology, toleo la nne. Bei yake inauma lakini hakizeeki upesi.

Cha kila siku mezani? Mimi ninatumia Rosai and Ackerman, toleo la 11 la 2018, juzuu mbili. Wako wanaopenda Sternberg, nao wana toleo jipya zaidi. Kwangu Rosai kinanisaidia kwa sababu kinaanza na kile unachokiona kwenye H&E, rangi ya kawaida ya slaidi, na kinakwenda mbali kabla hakijakudai vipimo. Robbins uliyoisomea chuoni inatosha, usinunue tena kwa ajili ya jalada jipya.

Juu ya hivyo ningeongeza juzuu mbili tu za buluu za karatasi: viungo vya uzazi vya mwanamke, na mfumo wa chakula, kwa sababu ya saratani ya umio. Matiti utayamudu na Rosai na fomu za bure nitakazozitaja hapa chini. Ukihitaji juzuu nyingine, IARC wanauza usajili wa mtandaoni kwa mwaka, unafungua zote pamoja na slaidi kamili za kukuza kwenye skrini. Wawili watatu mkikubaliana na hospitali ilipe, ni nafuu kuliko seti. Tovuti ya PathologyOutlines ni bure tangu 2001 na ndiyo ninayoifungua kwanza, sioni haya. Fomu za ripoti za saratani za ICCR (ya kimataifa) na za CAP (ya Marekani) ni bure pia, na hizo zitakupandishia kiwango kuliko kitabu chochote, maana haziruhusu usahau kingo za nyama iliyokatwa wala tezi za limfu. Muulize mkutubi wa hospitali kuhusu Hinari, mpango wa WHO wa tangu 2002 wa kufungulia taasisi majarida na vitabu. Usajili ni wa taasisi, huwezi kujisajili peke yako. Zile PDF za Telegram tahadhari nazo. Jalada linasema la tano, ndani ni la nne, na mwenye kuligundua ni mgonjwa.

Hata hivyo hakuna juzuu itakayokuokoa na fomalini mbaya, ile dawa ya kuhifadhia nyama isioze. Titi zima limetolewa upande wa Lamu, limetumbukizwa bila kupasuliwa ndani ya ndoo iliyokuwa ya mafuta ya kupikia, fomalini imefika nusu, limevuka kwa boti hadi Mokowe, likapanda basi. Fomalini huingia kwenye nyama kama milimita moja kwa saa. Unapolikata Malindi, nje ni kijivu gumu, katikati bado jekundu na linanuka, na uvimbe uko katikati. Ukipeleka hiyo kwenye vipimo vya homoni utapata hasi ambayo haina maana. Kwa hiyo pesa ya kitabu kimoja weka kando: nunua vyombo vyenye mdomo mpana, tengeneza fomalini ya asilimia 10 yenye bafa, ijae mara kumi ya sampuli, na uwafundishe wauguzi wa thieta kulikata titi vipande vya sentimita moja bila kulitenganisha, wakiandika saa lilipotoka na saa lilipoingia. Wako watakaokukasirikia. Wape chai, warudie.

Karatasi: inastahimili, ukiijali. Kabati la mbao lililoegemea ukuta wa matumbawe ndilo adui, ukuta unavuta unyevu na kurasa za kung'aa zinagandana. Weka kabati mbali na ukuta, fungua vitabu siku za kaskazi. Hadubini inateseka zaidi: ukungu unaota ndani ya lenzi kama utando mwembamba, ukiuona umechelewa. Usiifunike kwa nailoni ikiwa na joto. Lenzi zilale kwenye boksi lililofungwa lenye pakiti za silika jeli, uzikaushe zikibadilika rangi.

Kabla hujaagiza chochote niandikie faraghani. Juzuu ya uzazi wa mwanamke ya 2020 ninayo kabatini, utaitumia mpaka yako ifike.