Bali, lakini, naam: maswali yenu kuhusu "alla"

Mwalimu, tumefundishwa kuwa neno la Kigiriki "alla" maana yake ni "lakini". Mbona Yohana 3:16 ina "bali"?

Kwa sababu limetanguliwa na kanusho: "me apoletai all' eche zoen aionion", yaani asipotee, bali awe na uzima wa milele. (Hiyo "all'" ni "alla" ileile, irabu ya mwisho hudondoka mbele ya irabu nyingine.) Baada ya kanusho, "alla" huondoa lililotajwa na kuweka jingine mahali pake, na kazi hiyo kwetu ni ya "bali". Pasipo kanusho, "lakini" inatosha. Katika 1 Wakorintho 6:11 Paulo anairudia mara tatu: lakini mlioshwa, lakini mlitakaswa, lakini mlihesabiwa haki.

Yohana 12:44 inasema: "Yeye aniaminiye mimi, haniamini mimi bali yeye aliyenipeleka." Sasa anamwamini au hamwamini?

Anamwamini, si sentensi yenyewe imeanza na "aniaminiye"? Hapa ndipo wengi hujikwaa. Kanusho likifuatwa na "alla" mara nyingine halifuti kitu, linapima uzito: haishii kwangu, inamfikia aliyenituma. Ni usemi uliozoeleka katika Kiebrania pia. Tazama Hosea 6:6: "nataka fadhili wala si sadaka, na kumjua Mungu kuliko sadaka za kuteketezwa." Nusu ya kwanza inakana, nusu ya pili inasema "kuliko", na zote mbili zina maana moja. Kwa hiyo anayeichukua "si... bali" popote aikutapo na kuijengea fundisho zima, mimi simfuati. Asome kwanza aya nzima.

"De" nayo ni "lakini"?

Mara nyingine. "Alla" husimama mwanzoni mwa kishazi. "De" haisimami hapo kamwe, kwa kawaida huwa neno la pili. Tena ni nyepesi. Mathayo 1:2 ina "Isaak de egennesen ton Iakob", na hapo hakuna anayempinga mwenzake, ukoo unasonga mbele tu. Kiswahili kimesema "Isaka akamzaa Yakobo", na ile -ka- imeibeba "de" bila shida.

Zile "naam" sita za 2 Wakorintho 7:11 zimetoka wapi?

Kila moja ni "alla". Wakorintho walihuzunika wakatubu, na Paulo anataja matunda yake moja baada ya jingine: kujitetea, kukasirika, hofu, shauku, kujitahidi, kisasi. Hapingi lolote, anazidisha tu. Aliyechagua "naam" alisikia vizuri. Ukiweka "lakini" sita hapo, aya inavurugika.

Na "walakini" ya Gethsemane, Mathayo 26:39?

Hiyo ni "plen", neno jingine kabisa. Hulisimamisha lililokwisha kusemwa na kuleta sharti: walakini si kama nitakavyo mimi. "Alla" inafuata baadaye, kwenye "bali kama utakavyo wewe". Marko 14:36 ana "alla" mahali pote pawili.