Akademi ya timu ya safari kwa mtoto wa miaka 6, nimpeleke?

Anko shikamoo. Naandika kutoka Buhongwa hapa Mwanza, nina kijana wangu ana miaka 6, Novemba anatimiza 7, na mpira kwake ni ugonjwa, soksi za baba yake zote zimeishia kushonwa mipira. Sasa kuna akademi imefungua darasa wanaliita la maandalizi, watoto wa miaka 6 na 7 wanafanya mazoezi mara tatu kwa wiki, wakifika 8 wanachujwa wanaingia timu ya safari, ile inayoenda kucheza Shinyanga, Musoma mpaka Dar. Ada elfu 60 kwa mwezi, jezi na daluga juu yako. Baba yake ashakubali, na wifi yangu aliyeko Marekani anasema kule ndo kawaida, usipomuanzisha mapema anaachwa na wenzake. Mi roho inasita. Nimpeleke au nisubiri?
Mama Baraka, Buhongwa

Marahaba Mama Baraka. Pole na soksi.

Wifi yako hajakudanganya. Kule Marekani kuna ligi za mtaani ambazo kila mtoto anacheza, na kuna timu za kusafiri ambazo mtoto anafanyiwa majaribio halafu wazazi wikendi nzima wako barabarani, na katikati hapo klabu nyingi zimechomeka darasa la kuwaandaa wadogo. Mi naona ni mafunzo na biashara kwa pamoja, mteja ukimpata ana miaka 6 unakuwa naye muda mrefu. Ila kuna kitu wifi kakisahau, shirikisho lao lenyewe la soka linataka watoto mpaka under 8, yaani wasiozidi miaka 8, wacheze wanne kwa wanne bila golikipa, under 9 na 10 saba kwa saba, under 11 na 12 tisa kwa tisa, na wa miaka 10 kushuka chini hata kupiga kichwa hawaruhusiwi. Norway ndo wamebana zaidi, msimamo wa ligi hautangazwi kabla ya mwaka mtoto anaotimiza 11 na ubingwa wa taifa haupo mpaka 13, na huko huko ndo katoka mshambuliaji Haaland, kijana aliyekulia kamji kadogo kanaitwa Bryne. Kwahiyo hiyo habari ya kuachwa na wenzake usiipe usingizi wako.

Sasa niseme la kwangu. Niliwahi kufundisha vitoto kule Nyegezi, nimejaa koni na filimbi shingoni, najiona kocha kweli. Siku moja nikamfuatilia mtoto mmoja kwa dakika 10, kagusa mpira mara nne! Muda mwingine wote yuko kwenye foleni anachezea kamba ya kiatu. Na pembeni tu ya uwanja watoto wa mtaani wanapiga chandimu na mpira wa makaratasi, wanne kwa watano, magoli mawe mawili, ni tobo, kanzu, chenga, ugomvi wa "goli halijaingia", wanasuluhisha wenyewe wanaendelea. Yaani wanapata bure nilichokuwa nauza, na wanapata kingi zaidi. Kesho yake koni nyingi nikazirudisha stoo.

Ndo maana nakwambia kabla ya kulipa hata shilingi nenda Jumamosi mbili tatu, simama pembeni na mwamvuli wako, muangalie mtoto mmoja tu mwenye umri wa Baraka. Anagusa mpira mara ngapi, kila mtoto ana wake au kumi wanagombania mmoja, na huo mpira ni namba 3 au wamewapa namba 5 ya wakubwa inayomzidi mguu. Kocha akipiga kelele "butua! butua!" kwa mtoto wa miaka 6, mama, rudi zako nyumbani.

Halafu hiyo Novemba. Watoto wanapangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, kwahiyo Baraka atasimama na mwenzake wa Januari aliyemtangulia miezi kumi, na kwa umri huo miezi kumi ni kimo, ni nguvu, ni hata kuelewa maelekezo. Siku ya mchujo kocha anachukua wale wakubwa akidhani kachagua kipaji kumbe kachagua tarehe. Hili limechunguzwa nchi nyingi na jibu ni lile lile, waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka wanajaa kwenye timu za watoto. Mbwana Samatta ni wa Desemba 1992, akapita African Lyon, Simba, TP Mazembe, Genk mpaka Aston Villa. Simaanishi Baraka ndo Samatta, namaanisha akiachwa kwenye mchujo akiwa na miaka 8 hiyo siyo hukumu, na usikubali yeye aione hivyo.

Safari zenyewe? Hapana, bado. Musoma tu ni zaidi ya kilomita 200 na Dar ni zaidi ya 1,100, unamkalisha mtoto kwenye basi siku nzima aende kucheza vigemu vya dakika 20, na nusu yake anasugua benchi. Akifika 9 au 10 mtaongea tena, na hapo uliza wanalala wapi, analala nao nani, gari ni gari gani, kocha akijibu kwa kukwepa basi jibu umepata.

Mazoezi aende, mara moja au mbili kwa wiki, hiyo ya tatu omba punguzo, wakikataa achana nao, elfu 60 mara 12 ni laki saba na ishirini kwa mwaka, unanunua mpira mzuri namba 3 na chenji inabaki ya ada ya shule. Siku zilizobaki acha apande miti, akimbizane, arushe mawe. Sijasema akaogelee ziwani, kichocho kipo. Na baba yake mwambie mtoto akirudi asimuulize "mmeshinda?", amuulize leo kamfunga nani tobo.

Anko, binti yangu ana miaka 7 anacheza na wavulana mtaani na anawachambua vibaya mno, akademi wanasema hawana timu ya wasichana. Nifanyeje?
Baba Neema, Kirumba

Waambie aingie hiyo hiyo ya wavulana. Kabla ya balehe tofauti ya nguvu ni ndogo, na Uingereza wanaruhusu wachanganyike mpaka under 18. Wakigoma, chandimu ya Kirumba inamtosha kwa sasa, ila mnunulie daluga zake mwenyewe, asivae za kaka zilizojazwa magazeti.