Usikariri mifupa 206, ipapase kwanza

Mwalimu aliniwekea mfupa mikononi. Ulikuwa mrefu, mzito kuliko nilivyodhani, na juu yake una kichwa cha mviringo kama mpira mdogo. Akauliza ni mfupa gani, nikajibu palepale: mfupa wa paja. Akauliza tena, "Wa kulia au wa kushoto?" Nikanyamaza.

Nilikuwa nimekesha karibu juma zima nikikariri orodha ya mifupa yote, kuanzia fuvu hadi ncha za vidole vya miguu. Majina niliyajua, ila mfupa wenyewe sikuwa nimewahi hata kuugeuza nikautazama nyuma. Mtihani ule wa mwaka wa kwanza wa uuguzi niliufeli, nikapewa majuma sita ya kujiandaa kuurudia.

Leo niko wodini, na kila wanapoletwa wanafunzi wapya nawaona na daftari lilelile: safu za majina, idadi pembeni, rangi tatu za kalamu. Nawaandikia wao, na yeyote anayetaka kuijua mifupa yake mwenyewe. Ushauri wangu ni huu: anza na mwili wako, na kila mfupa uulize unafanya kazi gani. Ukishajua kazi, umbo lake linaeleweka, na jina linakaa kichwani bila kulazimishwa.

Anza kifuani. Weka kidole kwenye kishimo kilicho chini ya koo, katikati ya mitulinga miwili, kisha kiteremshe polepole juu ya mfupa wa kidari. Baada ya kama sentimita tano utahisi kijituta kimelala kwa upana. Ukitoka hapo kwenda pembeni, kulia au kushoto, umegusa ubavu wa pili. Wanaoanza kuhesabu mbavu kutoka juu hukosea kwa sababu ubavu wa kwanza umejificha nyuma ya mtulinga, lakini ukianzia kwenye kijituta hiki hupotei. Mimi hukitafuta kila ninapombandika mgonjwa vibandiko vya kupimia umeme wa moyo, maana viwili vya kwanza hukaa kwenye nafasi ya nne kati ya mbavu, kimoja kila upande wa kidari.

Sasa shika kigasha, yaani sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kifundo. Ndani yake mna mifupa miwili, alna na radiasi. Ncha ya kiwiko unayoigusa ni ya alna. Shuka nayo kwa kidole upande wa kidole kidogo hadi kwenye kifundo. Utaifuata njia nzima, kwa sababu imelala karibu kabisa na ngozi. Laza kiganja kikitazama juu, halafu ukigeuze kitazame chini. Alna imebaki karibu palepale. Radiasi ndiyo iliyopita juu yake, ikakibeba kiganja. Nilipogundua hili usiku mmoja nikiwa peke yangu, nililirudia labda mara ishirini, nikifurahi kila mara. Tangu siku hiyo sijawahi kuichanganya mifupa hiyo miwili.

Zile nundu mbili za kifundo cha mguu nazo hazitokani na mfupa mmoja, kama wengi wanavyodhani. Ya ndani ni mwisho wa muundi, mfupa mkubwa wa chini ya goti, ya nje ni mwisho wa fibula, ule mfupa mwembamba unaokwenda sambamba nao.

Ukishapapasa hivyo siku chache, 206 haitakutisha. Igawe mara mbili. Mifupa 80 ni ya mhimili wa mwili: fuvu lina 22, vijifupa vya masikio ni 6, uti wa mgongo una 26, mbavu ni 24, kidari ni kimoja, na uko mfupa mmoja wa kooni, chini ya ulimi, ambao haukuungana na mfupa mwingine wowote. Zile 126 zinazobaki ni za mikono na miguu pamoja na mifupa inayoishikiza kwenye mhimili. Kila mkono una 30, kila mguu una 30, na nyongeza ni mitulinga, makombe ya mabega na mifupa miwili ya nyonga. Viganja na nyayo pekee, pamoja na vidole na vifundo vyake, zina mifupa 106, zaidi ya nusu ya mwili mzima. Changanua jambo hilo kwa mkono wako mwenyewe: funga kifungo cha shati, ukijiangalia vidole, uone kwa nini panahitajika vipande vingi vidogo mahali penye kazi nyingi ndogondogo.

Jua pia kwamba 206 ni hesabu ya mtu mzima. Mtoto mchanga ana karibu mifupa 300, sehemu kubwa ikiwa bado gegedu, yaani tishu laini inayopindika, kisha mingi huungana anapokua. Kifandugu na ule mfupa wa pembetatu ulio juu yake vilikuwa pingili za uti wa mgongo zilizotengana. Pia ya goti ya mtoto mchanga ni gegedu tupu. Huanza kuwa mfupa akiwa na miaka kama mitatu hadi sita.

Kwenye makundi ndipo watu wengi huteleza mtihanini, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Vitabu hutaja matano: mirefu, mifupi, bapa, isiyo na umbo maalumu, na ile midogo inayokaa ndani ya kano, ambayo pia ya goti ndiyo kubwa kuliko yote. Mtego uko kwenye neno "mrefu". Mfupa wa ncha ya kidole ni mdogo kuliko kokwa ya tende, lakini umo katika kundi la mirefu, kwa sababu una shina katikati na vichwa viwili. Mtulinga nao ni mrefu ingawa umelala. Mifupa mifupi ni ya vifundo, minane kila mkono na saba kila mguu, ambayo upana na urefu wake vinakaribiana. Inasukumana na kuteleza kidogokidogo, na mzigo unagawanyika. Bapa hulinda, kama paa la fuvu. Pingili zimo katika kundi lisilo na umbo maalumu kwa sababu zinafanya kazi nyingi kwa pamoja: zinabeba uzito, zinaficha uti wa fahamu katika tundu lake, na zina miiba ya kushikilia misuli. Ukiona mfupa na hujui kundi lake, acha kupima urefu. Tazama kama una shina.

Nilichelewa sana kuelewa ndani ya mfupa kukoje. Maabara yetu ilikuwa na mfupa wa paja uliopasuliwa kwa urefu, umewekwa kabatini, na nilikuwa naupita kila siku. Siku niliyouomba niushike, niliona shina lake ni bomba: ukuta mnene, mgumu, na katikati uwazi. Bomba halivunjiki kirahisi likipindwa, na ni jepesi kuliko gogo lililojaa. Kule kwenye kichwa ukuta unakuwa mwembamba, na ndani kumejaa vijiti vidogo vilivyosukana kama sifongo. Niliposogeza jicho karibu niliona vijiti hivyo havikukaa ovyo. Vimejipanga kwa mikunjo inayotoka kwenye kichwa na kushuka kwenye ukuta wa shina, njia ileile inayopitiwa na uzito wa mwili mtu anaposimama. Julius Wolff, daktari wa Ujerumani, aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujipanga upya kufuata mzigo unaobebeshwa. Ndiyo sababu wanaanga wanaokaa miezi kadhaa mahali pasipo na uzito hupungukiwa na uimara wa mifupa ya nyonga na miguu, na ndiyo sababu tunamhimiza mgonjwa wa kitandani asimame mapema kadiri hali yake inavyoruhusu.

Kama unaweza, fanya jaribio moja nyumbani. Chukua mfupa mwembamba wa kuku uliosafishwa, uutumbukize kwenye siki kwa siku kadhaa, ukibadilisha siki. Asidi huyeyusha madini, na mfupa unabaki na umbo lake lakini unapindika kama mpira. Kilichobaki ni kolajeni, protini inayoupa mfupa unyumbufu. Mfupa uliounguzwa hadi kuwa mweupe hupata kinyume chake: kolajeni imeteketea, madini yamebaki, na ukiubana unavunjika vipandevipande. Ugumu na unyumbufu hukaa pamoja katika mfupa ulio hai. Ukikosa mmoja, mwingine hautoshi.

Kuhusu kazi, wanafunzi huandika kusimamisha mwili, kulinda, na kusaidia kutembea, kisha wanaweka nukta. Mimi naomba msiishie hapo, kwa kuwa mawili yanayoachwa ndiyo ninayokutana nayo wodini. La kwanza ni damu. Uboho mwekundu hutengeneza chembe za damu, na kwa mtu mzima unapatikana zaidi kwenye nyonga, kidari, mbavu, pingili na fuvu. Ndiyo maana sampuli ya uboho huchukuliwa nyuma ya nyonga, wala si kwenye muundi. Mfupa wenyewe pia umejaa mishipa. Mtu aliyevunjika shina la paja anaweza kupoteza lita moja ya damu au zaidi ndani ya paja bila tone kuonekana nje. Ukimkuta mtu wa namna hiyo, usimvute mguu wala kumkanda. Mtulize, usiusogeze mguu, tafuta msaada haraka, na ukimwona anapauka na kutoka jasho la baridi, waambie wanaokuja.

La pili ni akiba. Asilimia 99 hivi ya kalsiamu ya mwili imehifadhiwa kwenye mifupa na meno. Kiwango chake katika damu kikishuka, tezi ndogo zilizo nyuma ya tezi ya shingo hutoa homoni, na seli maalumu huanza kuumega mfupa ili moyo na misuli vipate chao. Mwili huona bora mfupa upungue kuliko moyo uyumbe. Seli nyingine hujenga upya, na kwa kijana ujenzi huwa mbele. Kuanzia miaka ya thelathini hivi mizani huanza kugeuka taratibu, na kwa wanawake hugeuka kwa kasi baada ya hedhi kukoma. Kwa hiyo binti wa miaka kumi na tano anayekimbia, kuruka na kula vizuri anajaza akiba atakayoitumia akiwa bibi.

Majuma sita yalipokwisha nilirudi kwa mwalimu yuleyule. Akanipa mfupa wa paja bila kusema kitu. Niliusimamisha kichwa kikiwa juu, nikageuza vifundo vyake viwili vikubwa vya chini vitokeze nyuma, halafu nikatazama kichwa kinaelekea wapi. Kilielekea mkono wangu wa kulia, na kichwa cha mfupa wa paja lazima kitazame ndani, kwenye nyonga. "Wa kushoto," nikasema, nikamwonyesha na sababu. Akauchukua, akaurudisha mezani, akaniwekea kiganjani kijifupa cha kifundo cha mkono kisichozidi punje ya hindi.