Barua kwa mwanangu: kisima ambacho baba yako hakukichimba

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Dodoma. Mimi ni mzima, ila nyumba imekuwa kimya mno tangu arobaini ipite na wageni waondoke.

Ujumbe wako niliupata, nikaona jibu lake halienei kwenye simu. Unasema wewe na ndugu zako mmechangishana, mnataka kunichimbia kisima uani. Mungu awazidishie. Halafu chini kabisa ukauliza: "Mama, Baba aliwachimbia watu visima maisha yake yote. Mbona sisi hakutuchimbia hata kimoja, akabaki kutuhesabia ndoo?"

Hilo neno "kutuhesabia" nimeliona. Najua limekukaa moyoni siku nyingi.

Siku alipopima ua wetu wewe ulikuwepo, ila ulikuwa na miaka sita. Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani. Alikuwa ameazima kipimo cha ofisini kwa ruhusa ya mkuu wake. Aligongelea ardhini vyuma vinne katika mstari mmoja, kutoka mlangoni kuelekea kwenye mbuyu wa jirani. Umeme unapitishwa kwenye vyuma viwili vya nje, na vile viwili vya ndani vinapima. Kadiri unavyovitenganisha ndivyo unavyozidi kujua kilichoko chini. Udongo wenye maji hupitisha umeme bila shida, jiwe zima hugoma. Wewe ndiye uliyeshika ncha ya waya kule mwisho, umesimama wima kama askari, hukutaka hata kaka yako akupokee. Akapima mara tatu. Jioni akavuta kigoda, akaniambia, "Mke wangu, tumejenga juu ya jiwe."

Mji wetu umekaa juu ya graniti ya kale sana. Maji ya chini hukaa pale tu mwamba ulipochakaa au ulipopasuka, na ndiyo maana maji ya mjini tumeyategemea miaka yote kutoka visima vya Mzakwe, kule bonde la Makutupora, ambako mwamba umepasukapasuka. Hapa kwetu, ukishamaliza ule udongo mwekundu, ni jiwe.

Wapo majirani waliomwambia alete mtambo wa kuchimbia usiku mmoja tu ajaribu bahati, nani atajua. Sijapata kumwona amekasirika namna ile. Mtambo ulikuwa na foleni ya vijiji, na dizeli yake ilitolewa kwa ajili ya vijiji hivyo. Ujue alianza kazi wakati serikali iko katikati ya ule mpango wa maji vijijini ulioanza 1971, wa miaka 20. Ahadi ilikuwa kwamba ifikapo 1991 kila mwanakijiji apate maji safi yasiyozidi mita 400 kutoka kwake. Mwaka 1991 ulifika, ukapita, na kina mama huko Kongwa na Bahi bado walikuwa wanafukua mchanga wa korongo kwa kata za kuchotea, wanangoja maji yajae kidogo kidogo. Yeye ile ahadi aliihesabu kama deni lake mwenyewe. Nilimwambia mara nyingi kwamba si lake. Hakunisikia.

Sasa nikwambie habari ya ndoo. Kisima kiliposhindikana alikaa mezani na kalamu. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ya bati, ni lita 1. Paa letu lina mita za mraba 90, na mvua ya Dodoma ni kama milimita 550 kwa mwaka. Hapo unapata lita 49,500; akatoa sehemu ya tano kwa ile inayoruka na kupotea. Lakini mvua hiyo yote inashuka kati ya Desemba na Aprili, kisha ni kiangazi siku 210. Mshahara wake uliweza kujenga tangi la mawe na saruji la lita 20,000, basi. Ndoo 4 kwa siku, za lita 20, zinamaliza lita 16,800. Zinazobaki ni za siku 40, mvua ikichelewa. Alipiga hesabu kana kwamba bomba la mtaani halitatoa hata tone, na kuna miaka lilifanya hivyo kweli.

Mimi mwenyewe niligombana naye kwa ajili ya hizo ndoo, hasa siku za kufua. Lakini bibi yako alipougua, akawa anahitaji kuogeshwa mara mbili, ndoo hazikuongezeka. Baba yako alikuwa anaamka kabla yenu na kuoga kopo moja. Hilo hamkulijua. Na hukumbuki siku tuliyokosa maji ya kupika kwa sababu siku hiyo haikuwahi kufika.

Kuna safari moja alirudi akakataa chakula, mlenda anaoupenda ukapoa mbele yake. Walikuwa wamechimba siku nne katika kijiji kimoja, kisima kikatoka kikavu. Wenzake walipakia vyuma waondoke. Yeye alibaki, akakaa na wazee chini ya mti, akawaeleza kwa kinywa chake kwamba yeye ndiye aliyechagua pale na amekosea. Baada ya miezi akarudi kupima upande wa pili wa korongo. Huko maji yalipatikana.

Siku ya msiba ulimwona yule mzee wa koti la kaki aliyekaa karibu na jiko, ukaniuliza ni ndugu wa upande gani. Si ndugu. Ni mwendesha pampu wa kijiji hicho. Baba yako alimwachia daftari aandike kila siku saa za pampu, dizeli, na fedha za ndoo zilizoingia kwenye mfuko wa maji. Alikuja nalo msibani. Ameandika mpaka siku aliyopata habari ya kifo. Alitaka kujua nani atalikagua sasa, nami sikuwa na la kumjibu. Nimelipokea, liko chumbani.

Kuhusu kisima, msimlipe mchimbaji kabla ya mpimaji. Namba za vipimo vya baba yako zimo kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Mpeni mpimaji azilinganishe. Huenda vipimo vya sasa vikaona ufa ambao chake hakikuuona, na yeye angefurahi kuliko wote. Jibu likiwa lile lile, fedha hizo ziende kwenye tangi. Linavuja upande wa jikoni, na gata la nyuma limeoza.

Mje Novemba, kabla ya mvua. Njoo na mjukuu wangu, atashika waya.

Mama yako