Maziwa, sumu na umati: majibu ya maswali yenu

Barua za safari hii ziko mafungu mawili: sumu majumbani, na watu kuumia kwenye mikusanyiko. Nazijibu pamoja kwa sababu kote huko kinachowahi kuua ni kukosa pumzi, na pumzi ndiyo watu wanayoisahau wakati wanahangaika kutafuta maziwa.

Shikamoo daktari. Wiki iliyopita mwanangu wa miaka miwili alikunywa mafuta ya taa yaliyokuwa kwenye chupa ya maji. Jirani akampa maziwa, akamtia kidole atapike. Anacheza kama kawaida, ila sina amani. Tulifanya sawa? – Mama, Mbagala

Marahaba, mama. Kama hakohoi, hana homa na anapumua vizuri mpaka leo, ondoa shaka. Ila walichomfanyia si sawa, na wala sikulaumu, maana mtaa mzima huamini hivyo.

Mafuta ya taa yakikaa tumboni hayana madhara makubwa. Hatari yake iko mapafuni. Ni mepesi mno, na kiasi kidogo tu kikipita njia ya hewa kinaunguza mapafu. Ukimtapisha mtoto, mafuta yanapita kooni mara ya pili, na safari hii anakabwa, analia, anavuta hewa kwa nguvu. Maziwa nayo hayaui sumu. Yanajaza tumbo, na tumbo likijaa mtoto anatapika mwenyewe.

Siku nyingine, Mungu apishie mbali, mvue nguo zilizolowa, muoshe kwa sabuni na maji, usimpe kitu mdomoni, mbebe wima na muende hospitali na ile chupa. Njiani tazama kifua. Akikohoa, akihema haraka, mbavu zikibonyea ndani au midomo ikibadilika rangi, mwambie muuguzi mlangoni kabla hata ya kuandikisha jina. Tutakaa naye angalau saa sita hata kama anacheza, kwa kuwa dalili huchelewa. Wazazi wengi hukasirika wakiona hatujamtundikia dripu wala kumchoma sindano. Kumwangalia ndiyo kazi yenyewe.

Na mafuta yasirudi tena kwenye chupa ya maji wala ya soda. Mtoto wa miaka miwili hasomi lebo, anatambua chupa.

Je, mkaa wa jikoni uliosagwa unanyonya sumu? – Msomaji, Tanga

Hapana. Mkaa wa hospitali hutengenezwa maalumu, hufaa zaidi ndani ya saa moja tangu mtu ameze sumu, na hata huo haushiki mafuta ya taa, pombe wala madini ya chuma.

Shemeji yangu alikunywa dawa ya kupulizia mimea kwa makusudi. Familia ilitaka tuseme amekula chakula kibovu ili polisi wasiingilie. Alipona, lakini tungefanyaje? – Msomaji, Iringa

Mseme ukweli, tena mapema. Daktari akiambiwa chakula kibovu atatibu kutapika na kuhara, na dakika zinakwenda. Dawa nyingi za wadudu hujaza kifua majimaji. Mate yanamtoka, machozi, jasho, mboni za macho zinakuwa ndogo sana, anajisaidia bila kujijua, kisha anashindwa kupumua. Tiba yake ni atropini, nasi huiongeza dozi kwa dozi mpaka kifua kikauke. Ukituletea kopo, au hata picha ya lebo, umetuokolea muda mwingi. Nyumbani mvue nguo na muoshe mwili na nywele kwa sabuni, ukivaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, kwa sababu sumu hii hupenya ngozi, na yako pia.

Hofu ya polisi naielewa. Tanzania bado sheria inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kenya Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na katiba, na natamani na kwetu kifike huko. Lakini katika chumba cha dharura kazi yetu ni kuokoa maisha. Fomu ya polisi, PF3, inaweza kufuata baadaye, sumu haisubiri. Shemeji yako asiachwe peke yake sasa, asisimangwe, na muombeni daktari ampeleke kliniki ya afya ya akili. Hiyo ni sehemu ya matibabu, sawa na atropini.

Wazee wetu wamekula kasa miaka yote. Akichemshwa sana, sumu si inatoka? – Mkoani, Pemba

Haitoki, ndugu yangu. Sumu ya kasa haiuawi na moto, na kasa mwenye sumu huwezi kumjua kwa macho wala kwa harufu. Wazee walikula wakasalimika kwa kuwa si kila kasa anayo. Machi 2024 kisiwani Panza, hapo hapo kwenu, walikufa watoto wanane na mwanamke mmoja, na watu 78 wakalazwa. Dawa ya kuiondoa sumu hiyo haipo. Tunachoweza ni kumsaidia mgonjwa apumue na asipungukiwe maji. Watoto ndio huzidiwa zaidi, na hata anayenyonya anaweza kuipata kupitia maziwa ya mama. Aliyekula aende hospitali hata kama bado hajaumwa, na kilichobaki kizikwe, kisigawiwe.

Baba alikunywa pombe ya kienyeji jana. Leo anasema anaona ukungu. Si uchovu wa pombe tu? – Machakos

Mpeleke leo hii, usingoje kesho. Ukungu machoni baada ya pombe ni dalili ya methanoli, aina ya pombe yenye sumu, ambayo mwilini hugeuka asidi inayoharibu mishipa ya macho. Dalili huweza kuchelewa hata siku nzima, ndiyo maana watu hulala wakidhani wamelewa tu. Mei 2014 zaidi ya watu 80 walikufa Kenya kwa pombe ya aina hiyo, na wapo waliobaki vipofu. Hospitali kubwa zina dawa ya kuizuia na mashine za kusafisha damu. Waliokunywa naye watafuteni wote, hata wanaojisikia wazima.

Kanisa letu linaandaa mkesha uwanjani na mimi ni wa kamati. Tukikodi gari la wagonjwa, inatosha? – Moshi

Haitoshi, na wewe wa Moshi unajua kwa nini. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walifia uwanjani hapo mjini kwenu, walipokimbilia mafuta ya upako. Mwaka uliofuata, Machi 21, watu 45 walikufa Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, wakati wa kumuaga Rais Magufuli.

Tunasema wamekanyagana, lakini wengi hufa wakiwa wamesimama. Watu wakibanana mno, kifua hakina nafasi ya kutanuka. Wa nyuma wanasukuma bila kujua kinachoendelea mbele. Kwa hiyo kazi kubwa ya kamati ni milango: mingi, mipana, yote wazi kabla watu hawajaanza kutoka, na mtu wa kila mlango mwenye simu na mamlaka ya kusimamisha ibada. Tukio lolote la kuvuta watu mahali pamoja, upako au zawadi, lipelekwe kwao walipo.

Gari la wagonjwa likae penye njia ya kutokea isiyozibwa na magari ya wageni rasmi. Wafundisheni vijana wa ulinzi kubonyeza kifua: katikati, kwa nguvu, kina cha sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa asiyeitika na asiyepumua kawaida. Anayepumua ila hana fahamu alazwe ubavu. Na wakifika penye majeruhi wasimkimbilie anayepiga kelele, kwa sababu huyo anapumua. Waanze na aliyenyamaza.

Hospitali ya mkoa ipigieni wiki moja kabla. Waambieni idadi mnayotarajia na saa ya kumaliza, waulizeni nani atakuwa zamu ya dharura usiku huo, na namba yake iwe kwenye simu ya kila mlinzi wa mlango.