Maswali ya Kihispania wiki hii: mikia ya vitenzi, na madafu niliyolipa bila kutaka

Haya jamani, maswali yamejaa na karibu yote ni kuhusu vitenzi. Nimechukua haya saba. Mifano mingi nitatumia cocinar, yani kupika, manake ni kitenzi kitulivu hakina vituko, na hapa kwetu hakuna mtu asiyekuwa na la kusema kuhusu mapishi.

Mwalimu shikamoo. Nimeanza Kihispania mwezi uliopita, nimepewa jedwali la kitenzi kimoja tu, maneno kama hamsini. Kwani wenyewe wanakariri yote hayo? Naanzia wapi? (Mwanafunzi, Tudor)

Marahaba mwanangu. Hayo hamsini yasikutishe, wewe mwenyewe una zaidi ya hayo kichwani. Napika, unapika, nilipika, nikapika, ningepika, sipiki, sikupika, hupika, haya nani alikukalisha chini akakufunza? Mzigo ni ule ule ila sisi twaubeba kichwani na wao wanauburuta kwa nyuma. Sisi twasema ni-li-pika, kwanza nani, halafu lini, halafu kitendo. Wao wanaanza na kitendo, cocin-, kisha wanabandika mkia mmoja wenye yote mawili, nani na lini. Cocino ni napika. Badilisha mkia, cociné, ni nilipika. Usijaribu kuukata huo mkia utafute kipande gani ni "mimi" na kipande gani ni "li", mara nyingi haukatiki.

Kwa hivyo chukua cocinar, toa -ar, ubandike: cocino, cocinas, cocina, cocinamos, cocináis, cocinan. Mimi, wewe, yeye, sisi, nyinyi, wao. Vinavyoishia -er kama vender, kuuza, vinakwenda vendo, vendes, vende, vendemos, vendéis, venden, na vya -ir kama subir, kupanda, subo, subes, sube, subimos, subís, suben. Ukiangalia vizuri hao wawili wa mwisho wanatofautiana kwa sisi na nyinyi peke yake, kwengine kote ni mapacha.

Na raha nyingine, huna haja ya kusema yo, tú, él kila saa. Sokoni Kongowea huendi ukasema "mimi nataka mimi nanunua mimi naondoka", unasema nataka, basi. Wao pia hivyo hivyo, yo ni ya kukazia tu. Mwanafunzi anayepitia Kiingereza kwanza ndo anajaza yo kila mahali mpaka anachosha. Ndio maana nawapigia kelele kila siku, tokeni Kiswahili mwende Kihispania moja kwa moja, ile njia ya kupitia Kiingereza ni kama kwenda Likoni kupitia Mariakani.

Na kwa kukataa wao ndio rahisi kutushinda, wanaweka no mbele na kitenzi hakiguswi. No cocino, no cociné. Sisi ndo tuna sipiki, sikupika, sijapika, mpaka mgeni analia.

Mambo tichá. Mi nauza vinyago bichi, wateja wengi Waspanish. Hivi pago na pagó zina tofauti gani, si ni kialama tu hapo juu? Lazima nikiandike? (Muuza vinyago, Bamburi)

Kaka, hicho kialama kilinitoa pesa mfukoni.

Nilikuwa na wageni wawili, mtu na mkewe, tuko Mama Ngina, pale ufukweni Mombasa, twanywa madafu. Ya kwanza mume akalipa. Tukaitisha mengine, mume akaondoka kwenda kupiga picha meli inaingia bandarini, mke akatoa pochi akaniuliza na yale ya kwanza je? Mimi kifua mbele nkamwambia "ya pago". Nilichotaka kusema ni ya pagó, ameshalipa. Alichosikia ni ya pago, nalipa mimi sasa hivi. Yule mama akafurahi, akanishika mkono, gracias gracias, pochi ikarudi kwa mkoba ikafungwa zipu kabisa. Ningesema nini? Nkatoa zangu. Muuza madafu ananiangalia tu anacheka, nafikiri aliona kila kitu.

Shida si macho, shida ni mdomo wetu. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno, kwa hivyo mtu wa Mombasa akiona pagó mdomo wenyewe unarudi kwa PAgo. Lakini usiniambie huwezi kusikia tofauti, kwani "kazi imefanywa baRAbara" na "vuka baraBAra" unazichanganya? Ni kitu hicho hicho. Cocino, sauti katikati, ni napika. Cocinó, sauti mwisho, ni alipika. Cociné nilipika, na cocine bila alama ni apike. Kwa hivyo ndio, andika, na zaidi ya kuandika ukipige kwa sauti.

Mkia mzima wa jana kwa -ar ni cociné, cocinaste, cocinó, cocinamos, cocinasteis, cocinaron. Kwa -er na -ir ni vendí, vendiste, vendió, vendimos, vendisteis, vendieron. Cocinamos utaona ni ile ile ya leo na ya jana, twapika na tulipika, na subimos pia hivyo, itabidi usikize maneno mengine ujue ni lini. Vender ndo haina utata hapo, vendemos leo, vendimos jana.

Kuhusu hiyo c ya pili ya cocinar, sehemu kubwa ya Uhispania wanaitamka kama th ya thamani, Latin Amerika wanasema s. Sisi th tunayo tangu zamani, kwa hivyo chagua unayotaka.

Dada naomba unisaidie, nimechanganyikiwa na cociné na cocinaba. Zote naambiwa ni wakati uliopita. Sasa kwa nini ziwe mbili? (Mama Wawili, Kisauni)

Mamangu hili ndilo swali nalolipenda kuliko yote na ndilo linalowaliza watu wengi, na kumbe jibu umelilalia.

Sema hii sentensi: bibi alikuwa akipika, paka akaingia. Umeona umefanya nini? Hukusema bibi alipika paka akaingia, manake hapo bibi angekuwa ashamaliza na sufuria ishafunikwa na huyo paka hana lake. Umesema alikuwa akipika, yani kazi iko wazi, inaendelea, moto unawaka, viazi havijaiva, na katikati ya hayo paka wa Mji wa Kale anapita na shingo yake ndefu anatafuta samaki. Kihispania ni mi abuela cocinaba cuando entró el gato. Cocinaba ndio alikuwa akipika, mlango uko wazi. Entró ndio aliingia, mara moja, kwisha.

Na cocinaba pia ni ile ya mazoea ya zamani. Bibi alikuwa akipika pilau kila Ijumaa, cocinaba pilau todos los viernes. Ijumaa moja tu, ile ya arusi ya shangazi, cocinó. Kwa hivyo ukikwama jiulize kwa Kiswahili ingekuwa -li- kavu au ingekuwa "alikuwa aki-". -Li- kavu mpe cocinó. Alikuwa aki- mpe cocinaba. Haitakubali asilimia mia, kuna pahali itakuangusha, haswa na vitenzi vya kujua na kutaka, lakini kwa mwaka wa kwanza inatosha sana.

Mkia wake ni mtamu: cocinaba, cocinabas, cocinaba, cocinábamos, cocinabais, cocinaban. Mimi na yeye ni sawa, hapo ndo yo inaruhusiwa kuingia kama kuna utata. Vya -er na -ir vyote ni -ía: vendía, vendías, vendía, vendíamos, vendíais, vendían, na subía vivyo hivyo. Na sikiza hii, katika Kihispania kizima vitenzi vinavyokataa mpangilio huu ni vitatu tu, ser (kuwa), ir (kwenda) na ver (kuona). Vitatu!

Ile -ka- yetu ya hadithi, nikaenda sokoni nikanunua samaki nikapika nikala, wao hawana. Wanapanga tu zile za kwisha moja baada ya nyingine, compré pescado, cociné, comí. Haina ladha ya -ka- kusema kweli, lakini ndo ilivyo.

Nimekula si ni he comido? Mbona mgeni alinicheka niliposema mtoto ha dormido? (Yaya, Nyali)

Nimekula, he comido, sawa kabisa. He, has, ha, hemos, habéis, han, halafu cocinado, vendido, subido. Uhispania wanaitumia sana kwa ya leo, hoy he cocinado, na Latin Amerika sehemu nyingi watasema tu hoy cociné.

Ila -me- yetu ina kazi mbili. Ukisema mtoto amelala hapa kwetu maana yake yuko usingizini sasa hivi, nyamazeni. Ha dormido ni kwamba alilala, usingizi ushakwisha. Ulitaka está dormido. Ndugu zake ni amesimama, está de pie, na nimechoka, estoy cansada kwa wewe mwanamke. -Me- ikionyesha hali mtu alivyo sasa hivi, tafuta estar, ndo kitenzi cha hizo está na estoy, wacha hiyo he, has, ha.

Niko hotelini Diani, nitumie tú, usted au vosotros? (Mhudumu)

Mgeni mkubwa au usiyemjua, usted, na kitenzi kinakuwa cha yeye: usted cocina, si cocinas. Sababu ni kwamba usted zamani ilikuwa vuestra merced, kitu kama "mheshimiwa", na mheshimiwa unamsema kama yuko pembeni. Wakiwa wengi, ustedes cocinan. Vosotros na ile cocináis ni ya Uhispania, wenyewe kwa wenyewe. Wa Mexico au Colombia hataitumia. Ukiwa na ustedes hutakosea popote, Wahispania vijana watakuona una adabu kupita kiasi na hilo si kosa.

Ile ya kesho na ile ya "ningefanya" zinaendaje? Nataka kusema ningeuza zaidi ningenunua tuktuk. (Dereva, Likoni)

Kesho ndo rahisi kuliko zote, hukati kitu. Kitenzi kizima halafu mkia, na mkia ni mmoja kwa -ar, -er na -ir: cocinaré, cocinarás, cocinará, cocinaremos, cocinaréis, cocinarán. Venderé. Subiré. Vikorofi viko kama kumi na mbili tu, haré (nitafanya), tendré (nitakuwa na) na wenzao. Hiyo mikia kumbe ni ile he, has, ha tuliyoiona juu iliyogandia kwa nyuma miaka mingi iliyopita, kama vile -ta- yetu ilivyotoka kwa kutaka, ndo maana mpaka leo twasema "atakaye", taka yenyewe bado imechungulia humo.

Ningeuza ni vendería, kitenzi kizima na -ía. Kaa macho, vendía ni nilikuwa nikiuza, vendería ni ningeuza, kasilabi kamoja tu.

Sasa sentensi yako. Sisi twaweka -nge- pande zote mbili, ningeuza, ningenunua, kwa hivyo utajikuta unasema si vendería más, compraría, na hiyo si ni ya Kihispania, yani "kama". Hapo utachekwa. Baada ya si wanataka nyingine: si vendiera más, compraría un tuktuk. Kuipata chukua ile ya wao ya jana, vendieron, ng'oa -ron, weka -ra. Cocinaron, cocinara. Basi.

Nyanyangu wa Mji wa Kale akinisikia nasoma anasema ati ojalá ni Kiarabu. Ni kweli au ananitania? (Mjukuu, Kibokoni)

Nyanyako yuko sawa, mpe salamu zangu. Waislamu walitawala sehemu za Uhispania kutoka 711 mpaka Granada ilipoanguka 1492, na Kiarabu kiliwaachia maneno mengi sana. Ojalá ni law sha Allah ya huko Andalusi, Mungu akipenda. Azúcar ni sukari yetu, aceituna ni zeituni, na hasta, ile ya hasta mañana, ni dada yake hata yetu, zote ni hattā.

Na ojalá inadai kitenzi cha namna yake, ambacho wanafunzi wa Kiingereza wanakiogopa kama jini. Wewe unacho. Nataka upike. Si unapika, upike, hiyo a ya mwisho imekuwa e. Quiero que cocines. Cocinas, cocines, a imekuwa e! Mimi nilipoiona mara ya kwanza nilifunga kitabu nkaenda kujimiminia kahawa tungu. Mikia ni cocine, cocines, cocine, cocinemos, cocinéis, cocinen. Vya -er na -ir vinageuka upande wa pili, vinachukua a: que vendas, que subas. Vyetu vya Kiarabu kama kujibu na kusafiri havigeuki, nataka ujibu, lakini kwao vyote vinageuka, hakuna msamaha.

Kwa hivyo nyanyako akikuuliza leo utapika wewe au yeye, mwambie ojalá cocine usted, Inshallah upike wewe nyanya, uone kama atakuachia jiko au atakupiga na mwiko.